Chester Himes: kitabu kimeisha, muuaji hakukamatwa. Nimeruka kurasa au?

FundiSaa aliandika:

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi saa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloeleza namna ninavyosoma. Kazi yangu ina kusubiri kwingi: gundi ikauke, mafuta yaingie, saa niliyoifunga ilale mezani siku nzima nione kama inapoteza dakika. Katika kusubiri huko nasoma riwaya za upelelezi, na nazipenda kwa sababu ile ile inayonifanya niipende kazi. Kila gurudumu linasukuma jingine. Ukimaliza kufunga saa halafu ukakuta skrubu moja imebaki kwenye kisahani, basi hata kama mshale unatembea, hujafunga saa, umeifunika tu.

Sasa mteja mmoja ameniachia kitabu cha Chester Himes, Blind Man with a Pistol, cha mwaka 1969. Akaniambia, "Wewe si mtu wa upelelezi? Chukua." Nikachukua kwa moyo mweupe.

Ndugu zangu. Kuna mchungaji mzee ana wake wengi wamevaa kama watawa, na watoto wanaolishwa kwenye kihori kama mifugo. Nikasema sawa, hapa kuna kesi. Kisha mzungu anatokea barabarani hana suruali, amekatwa koo, anakufa. Nikasema sawa, hii ndiyo kesi yenyewe. Kisha maandamano matatu yanagongana katikati ya Harlem, mtaa wa watu weusi kule New York, watu wanapigana, maduka yanavunjwa. Wapelelezi wawili, Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones (yaani mmoja Jeneza na mwenzake Mchimba Kaburi, majina gani haya?), wanauliza uliza huku wakubwa wao wanawavuta kola. Mimi nakunywa kila ukurasa, najua mwishoni magurudumu yatashikana.

Hayakushikana. Mwishoni wale wapelelezi wako kwenye majumba yanayobomolewa, wanapiga panya risasi. Panya! Kisha kipofu ambaye hatujui habari zake anatoa bastola kwenye treni ya chini ya ardhi, anamlenga mtu aliyempiga kofi, anaua mtu mwingine kabisa. Kitabu kikaisha hapo. Nilivaa lenzi yangu ya jichoni nikakagua mshono wa kitabu, nikidhani kurasa zimenyofoka. Hazijanyofoka.

Kwa hiyo nauliza kwa heshima: huyu mtu ndivyo anavyoandika siku zote? Na kama ndivyo, ilikuwaje akaitwa mwandishi wa upelelezi? Mteja akirudi kuchukua saa yake ataniuliza nimekionaje, na sitaki kumwambia nimebaki na skrubu mkononi.

---

Nukta_Tatu alijibu:

Hujaruka kitu, ndicho kilivyo. Ila umeanza na cha mwisho. Ni sawa na kuingia msibani siku ya arobaini ukauliza nani amefariki.

---

KaraniMasjala alijibu:

FundiSaa, umenichekesha na lenzi yako. Nikujibu kwa urefu, maana huyu mwandishi nimemsoma karibu wote, na nilimsoma nikiwa mahali pake hasa. Nimekuwa karani wa masjala ya mahakama miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa majalada. Nikwambie siri ya chumba kile: majalada yaliyofungwa yakiwa na mshtakiwa, ushahidi na hukumu, yote yakishikana kama magurudumu yako, yanajaa rafu moja. Yale mengine yanajaa chumba. Kwa hiyo nilipofika kwenye panya sikushtuka. Nilisema, huyu amewahi kuiona masjala.

Na kweli aliiona, ila kwa upande wa pili wa meza.

Himes, Mmarekani mweusi, alizaliwa 1909 Jefferson City, Missouri. Baba yake alikuwa mwalimu wa ufundi, kufua chuma na kutengeneza magurudumu ya magari ya farasi, katika vyuo vya watu weusi vya kusini mwa Marekani. (Utampenda huyo baba, fundi mwenzio.) Mama yake alikuwa mkali, mwenye kiburi cha ukoo, na ndoa ile haikuwa na amani. Kuna jambo moja la utotoni ambalo mimi naliona katika kila kitabu chake. Chester na kaka yake Joseph walitakiwa waonyeshe jaribio la kemia shuleni, la kutengeneza baruti. Chester alikuwa amekosa adabu, mama akamzuia kushiriki kama adhabu. Joseph akafanya peke yake, mchanganyiko ukamlipukia machoni. Wakamkimbiza hospitali ya wazungu, wakafukuzwa mlangoni kwa sababu ya rangi yao. Joseph akawa kipofu. Baadaye alisoma mpaka akawa profesa wa sosholojia, lakini hilo ni jalada jingine.

Sasa rudi kwenye kitabu chako, utazame jina lake. Sisemi kwamba kipofu wa kwenye treni ni Joseph. Himes mwenyewe ameeleza mwanzoni mwa kitabu kwamba kisa cha kipofu yule alisimuliwa na rafiki, na kilimfanya awaze kwamba fujo zote zisizo na mpango ni kipofu mwenye bastola. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia nyumba ile asingesikia kisa kama hicho akakisahau.

Tuendelee. Mwaka 1926 alikuwa anafanya kazi hotelini Cleveland, akaanguka kwenye shimo la lifti, akavunjika mgongo. Akalipwa fidia, akaenda Chuo Kikuu cha Ohio State, hakukaa, wakamtaka aondoke. Akaingia kwenye kamari na wizi. Novemba 1928 akavamia nyumba ya matajiri na bastola, akachukua vito na gari, akakimbilia Chicago, akakamatwa akijaribu kuviuza. Anasimulia kwamba polisi walimning'iniza kichwa chini na kumpiga mpaka akakiri. Hukumu: miaka 20 hadi 25, na kazi ngumu. Alikuwa na miaka 19.

Nimepitisha mikononi mwangu hukumu nyingi za vijana wa umri huo. Huwa unaandika namba ya jalada, unagonga muhuri, unanyoosha mkono kwa lifuatalo. Huyu aliingia gereza la Ohio, mjini Columbus, na Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 1930, moto ukawaka. Walikufa wafungwa 322, wengi wakiwa bado wamefungiwa vyumbani. Himes alikuwepo. Alikuwa tayari mcheza kamari hodari mle ndani, na kwa pesa za kamari alinunua mashine ya taipu. Akaanza kuandika. Mwaka 1934 jarida la Esquire, jarida kubwa la wasomaji wazungu, likachapa hadithi zake mbili, ya pili ikihusu ule moto. Ya kwanza ilitoka na namba yake ya mfungwa mahali pa sahihi: 59623. Nilipoisoma hiyo habari niliweka kitabu chini kidogo. Maisha yangu yote nimeandika namba kama hizo juu ya majalada, na sikuwahi kuona hata moja ikitia sahihi.

Aliachiwa kwa masharti Aprili 1936. Wakati wa vita kuu ya pili akahamia Los Angeles, akafanya vibarua zaidi ya ishirini katika muda wa miaka mitatu. Alikuwa na ufundi wa mikono, lakini kazi za ufundi alizopata zilikuwa mbili tu. Humo kwenye karakana za meli ndimo kilimotoka kitabu chake cha kwanza, If He Hollers Let Him Go, 1945. Cha pili, Lonely Crusade, 1947, kilipigwa kutoka kila upande, wa kulia na wa kushoto, weusi na weupe. Hapo hakuna upelelezi wowote, FundiSaa. Ni mtu anayeandika kwa hasira kuhusu kazi na rangi, na nchi yake inamwambia hatutaki. Mwaka 1953 akapanda meli kwenda Ufaransa.

Na sasa ndiyo nafika kwenye swali lako, ilikuwaje akaitwa wa upelelezi. Jibu lake fupi: njaa. Mwaka 1956 yuko Paris, hana kitu. Anakwenda kwenye ofisi za wachapishaji Gallimard, anakutana na Marcel Duhamel, aliyekuwa amekitafsiri kitabu chake cha kwanza kwa Kifaransa, na ambaye sasa alikuwa anasimamia mfululizo wa riwaya za uhalifu uitwao Série Noire. Duhamel anamwambia aandike ya upelelezi. Himes anasema hajui. Duhamel anampa somo ambalo Himes alilisimulia baadaye katika kumbukumbu zake: anza na tendo, mtu ananyoosha mkono anafungua mlango, onyesha picha kama sinema, waache waongee, usiingie sana mawazoni mwa mtu, na usihangaike kama haieleweki, kueleweka ni kazi ya mwisho wa kitabu. Uniletee kurasa 220.

Soma tena hapo kwenye kueleweka. Mhariri wake ndiye aliyemwambia. Tofauti ni kwamba miaka kumi na mitatu baadaye Himes alifika mwisho wa kitabu akaona hapana kitu cha kueleweka, akaandika hivyo hivyo.

Akapeleka kurasa za kwanza. Duhamel akazipenda, ila akamwambia kuna upungufu: riwaya ya polisi haiwezi kukosa polisi. Kwa hiyo wapelelezi wako wawili wenye majina ya makaburini walizaliwa kama marekebisho ya mhariri. Ndiyo maana katika kitabu kile cha kwanza wanachelewa kuingia, na ukiwaondoa hadithi bado inatembea. Kitabu chenyewe ni For Love of Imabelle, kilichapwa Marekani 1957 kwa jalada jepesi la bei rahisi. Kwa Kifaransa kiliitwa La Reine des pommes, na mwaka 1958 kikapata tuzo kubwa ya Ufaransa ya riwaya za uhalifu, Grand Prix de Littérature Policière. Mtu aliyefungwa kwa ujambazi, mweusi, Mmarekani, haongei Kifaransa cha kueleweka, anapewa tuzo ya hadithi za polisi na Wafaransa.

Uanzie hapo basi. Jackson, mtu mnene mnyonge anayefanya kazi kwa mzishi, anawapa matapeli dola 1,500 wazigeuze kuwa 15,000 ndani ya jiko. Ana pacha wake, Goldy, anayevaa kama mtawa wa kike na kuuza tikiti za kwenda peponi. Hapo magurudumu yanashikana, nakuhakikishia. Yanashikana yakipiga kelele, lakini yanashikana.

---

FundiSaa alijibu:

Mkuu KaraniMasjala, nimesoma mara mbili na nimechelewesha saa ya mtu. Namba 59623 imenikaa.

Swali la nyongeza. Huyo Coffin Ed, kwenye kitabu changu anaelezwa ana uso ulioharibika na hasira za haraka. Hakuna anayeeleza kwa nini. Ni katika zile skrubu zilizobaki?

---

KaraniMasjala alijibu:

Hapana, hiyo skrubu ipo kwenye kisahani cha kitabu cha kwanza. Katika For Love of Imabelle anamwagiwa tindikali usoni. Tangu hapo uso wake ni viraka, na tangu hapo mtu akimrushia kitu cha maji hangoji kujua ni nini. Katika The Real Cool Killers, 1959, kijana mmoja wa genge anamrushia manukato kwa utani. Manukato tu. Coffin Ed anadhani ni tindikali na kumpiga risasi kijana yule, anakufa. Anasimamishwa kazi, na mwenzake inabidi aendelee peke yake usiku kucha.

Nimependa sana namna hiyo ya kumbukumbu. Kwa waandishi wengi mpelelezi anapigwa leo, kesho amepona, ana kofia mpya. Kwa Himes jeraha la kitabu cha kwanza linaua mtu katika kitabu kingine.

Na si "mkuu", mimi ni mama wa watu. Ila si neno.

---

FundiSaa alijibu:

Shikamoo mama. Nisamehe, humu ndani wote huwa ni wakuu.

---

KaraniMasjala alijibu:

Marahaba. Endelea na saa za watu.

---

Jani_Kavu alijibu:

Nimechelewa kufika, na naona wote mnampigia makofi. Mimi nina neno la kupinga.

Himes alikuwa mwandishi mkubwa kabla hajawa wa upelelezi. If He Hollers Let Him Go ni siku chache tu za maisha ya Bob Jones, kiongozi wa kikundi cha mafundi kwenye karakana ya meli. Kila siku inaanza na ndoto mbaya, kila siku anajiuliza leo nitadhalilishwa na nani. Mwishoni anasingiziwa kubaka, na hakimu anampa "hiari" ya kuingia jeshini. Hakuna risasi za kuchekesha pale, wala mtawa anayeuza tikiti. Kinakuingia mwilini. Halafu mtu huyu huyu anakwenda Paris, mhariri anamwambia usiingie sana mawazoni mwa mtu, naye anakubali! Tukaletewa vichwa vinavyokatika na pikipiki zinazoendelea kwenda. Wafaransa walifurahi, ndiyo. Walifurahi kuona Harlem kama sarakasi.

Tena Harlem yenyewe hakuijua sana. Ohio aliijua, Los Angeles aliijua. Harlem aliishi vipindi vifupi.

Na Afrika ndiyo kabisa. Someni Cotton Comes to Harlem, cha 1965. Mchungaji tapeli Deke O'Malley anakusanya dola 1,000 kwa kila familia, familia 87, awarudishe Afrika. Pesa zinaibwa, zinafichwa ndani ya robota la pamba. Mwanzo mzuri mno. Kisha mwishoni tunagundua mzee mwokota takataka, Uncle Bud, ndiye aliyezipata na amesafiri nazo mpaka Dakar, ananunua ng'ombe ili abadilishe na wake. Hiyo ndiyo Afrika yake: ng'ombe na wake. Mimi nilikifunga kitabu nikawa nakitazama tu jalada.

---

KaraniMasjala alijibu:

Jani_Kavu, la Dakar nakupa lote. Sina utetezi. Mimi pia niliguna.

La Harlem sikupi. Himes mwenyewe alisema Harlem ya vitabu vyake haikukusudiwa kuwa ya kweli, alitaka kuinyang'anya kutoka kwa wazungu, japo vitabuni tu. Yuko maili elfu kadhaa ng'ambo ya bahari, anaandika barabara, vyakula, majina ya makanisa, kwa njaa ya mtu aliyekosa kwao. Ukitaka ramani, nunua ramani.

Na la kuuza roho kwa ajili ya pesa nakupa nusu. Ni kweli aliandika kwa pesa. Lakini tazama kilichotokea. Katika Los Angeles alikuwa anaandika mtu mmoja mwenye hasira, na wasomaji wakakataa kumsikiliza huyo mtu. Katika Série Noire akapewa maiti, na maiti ina faida moja: kila mtu anataka kujua imefikaje pale. Ukishawafanya wasomaji wakusogelee kuitazama, unaweza kuwaambia lolote. Katika kitabu cha FundiSaa, luteni anauliza nani ameanzisha fujo, anataka jina la kuandika kwenye ripoti. Anajibiwa ni Abraham Lincoln, yule rais aliyewaachia watumwa huru bila kupanga watakula nini. Bob Jones angesema maneno hayo wangemwita mlalamishi. Grave Digger akisema, ni taarifa ya polisi.

Hata hicho cha pamba, ukiacha Dakar: wale wapelelezi hawaipati tena pesa iliyoibwa. Wanachofanya ni kumbana Kanali wa kutoka kusini, mzungu anayetaka watu warudi mashambani kuchuma pamba, mpaka anatoa dola 87,000 zake mwenyewe, na familia zinalipwa. Kisheria ni ulaghai mtupu. Ningelipata jalada lile ningelirudisha kwa kukosa viambatisho. Lakini nililala vizuri usiku ule.

---

Nukta_Tatu alijibu:

Onyo la matumizi kwa FundiSaa kabla hujatoa pesa: For Love of Imabelle na A Rage in Harlem ni kitabu kimoja. The Heat's On na Come Back Charleston Blue pia ni kimoja, kilibadilishwa jina kufuata filamu. Mimi ninavyo vyote vinne. Msinicheke.

Tena mpangilio wa miaka usikuchanganye, baadhi vilitoka Kifaransa kwanza, Kiingereza miaka kadhaa baadaye.

---

FundiSaa alijibu:

Nimecheka, samahani.

Mama Karani, la mwisho halafu nawaacha. Aliendelea baada ya kitabu changu? Maana nikiwa mimi, baada ya kumaliza saa nikaona haitembei na nikaamua kuiuza hivyo hivyo, ningeacha ufundi.

---

KaraniMasjala alijibu:

Aliacha, karibu. Riwaya kamili za wale wawili ni nane, na chako ndicho cha nane. Filamu ya Cotton Comes to Harlem ilitoka 1970, mwongozaji Ossie Davis, na ndipo Wamarekani wengi waliposikia jina lake kwa mara ya kwanza, yeye akiwa na zaidi ya miaka sitini na afya imeharibika. Alishapigwa na kiharusi 1963 akiwa Mexico. Akahamia Hispania, kijiji cha Moraira kando ya bahari, akaandika kumbukumbu zake katika vitabu viwili, 1972 na 1976. Akafa huko Novemba 1984.

Kuna cha tisa ambacho hakukimaliza, Plan B. Kilitoka Kifaransa 1983, Kiingereza 1993, kimeunganishwa kutoka kwenye makaratasi yake. Humo Grave Digger anampiga risasi Coffin Ed. Rafiki yake, mwenzake wa miaka yote ile. Kisha naye anapigwa. Nakuambia mapema makusudi, kwa sababu mimi sikuambiwa na mtu, nilikisoma kazini wakati wa chakula cha mchana, na jioni yake nikakosea kupanga majalada ya rafu nzima.

Usikisome sasa. Na kile cha gerezani, Cast the First Stone cha 1952, ukikitaka tafuta toleo la 1998 liitwalo Yesterday Will Make You Cry. La kwanza lilikatwakatwa na wachapishaji, hilo la pili ndilo alivyoliandika yeye. Moto wa Pasaka umo.

---

Jani_Kavu alijibu:

Hilo la 1998 nakubaliana na mama kwa mara ya kwanza leo.

---

FundiSaa alijibu:

Mteja alikuja jana. Akaniuliza nimekionaje. Nikamwambia muuaji hakupatikana. Akasema, "Ndiyo." Nikamwambia na wapelelezi wanapiga panya. Akasema, "Ndiyo." Nikamwambia na mwandishi alikuwa na kaka kipofu. Akanyamaza, akavaa saa yake, akasema hilo alikuwa halijui, akaniachia kitabu nikae nacho.

Nimepata For Love of Imabelle. Niko sura ya kwanza, jiko limeshalipuka na Jackson ametoka kapa. Gundi inakauka, narudi baadaye.